Kutoboa shaba ya manjano nyumbani: dalili, sababu na marekebisho yake

Fundi aliyezoea kutoboa chuma au mbao hushangazwa na shaba ya manjano kwa sababu haimsumbui pale alipotarajia, bali pale alipojiona ameshamaliza. Chuma humkatalia mtu tangu mwanzo. Humlazimisha akandamize, atie mafuta na asubiri. Shaba ya manjano hukubali upesi, biti huzama bila ya jasho, na tundu linapokaribia kutokea upande wa pili ndipo kipande kinapochomoka mkononi na kuanza kuzunguka pamoja na biti. Hapa Unguja na Pemba kazi za namna hii hazishi: bawaba ya kasha la zamani inayotakiwa kuongezwa tundu, msumari mkubwa wa mlango wa nakshi unaohitaji kushikizwa upya, sinia la kahawa linalogeuzwa kuwa taa ya ukutani, kifaa cha mashua kilichopoteza skrubu yake. Nyingi kati ya hizo hufanywa uani au barazani, kwa drili ya mkono au kwa mashine ndogo ya mezani, na si katika karakana yenye vifaa kamili.

Maelezo haya yanafuata dalili, kwa maana fundi huanza na kile anachokiona au kukisikia, kisha ndipo aitafute sababu. Msimamo wangu ni kwamba karibu kila tatizo la kutoboa shaba ya manjano linatokana na mojawapo ya mambo mawili: ama biti inajivuta yenyewe ndani ya kipande kwa haraka kuliko mkono unavyotaka, ama makali yake hayakati bali yanasugua. Yote mawili hayatibiwi kwa kuongeza nguvu.

Unga wa manjano umegeuka kuwa wa kijivu

Biti inaingia vizuri kwa sehemu ndogo ya milimita, inatoa unga wa manjano, kisha inakataa ghafla, inapiga kelele na kutoa unga wa kijivu. Hapo hakuna shaba iliyobadilika. Kilichopo ni chuma kilichopakwa shaba juu. Bawaba, makomeo na misumari mingi ya mapambo inayouzwa madukani ni chuma chenye ngozi nyembamba ya manjano, na mtu akikiendesha chuma hicho kwa kasi ya shaba atayaunguza makali ya biti kwa muda mfupi sana. Sumaku ndogo hukata ubishi huu, kwa sababu shaba ya manjano haivutwi nayo. Ikiwa sumaku haishiki, bado kuna uwezekano kwamba kitu hicho kimemiminwa kwa madini ya zinki na kupakwa rangi ya dhahabu. Kwa hivyo piga tupa mara moja mahali pasipoonekana, na ukiona weupe wa kijivu chini ya ngozi ya manjano, jua kwamba si shaba.

Shaba ya manjano yenyewe ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki, na aina zake hazitoboki kwa namna moja. Fito za mviringo na vifaa vilivyokerezwa kwa mashine aghalabu hutengenezwa kwa mchanganyiko wenye shaba nyekundu takriban asilimia 58, zinki asilimia 39 na madini ya risasi kama asilimia 3. Risasi hiyo ndiyo inayoyafanya maranda yakatike vipande vifupi na kuruka. Masinia, birika na mabamba yaliyofuliwa hutengenezwa kwa shaba yenye nyekundu nyingi zaidi, mara nyingi asilimia 70 kwa 30, ambayo hutoa nyuzi ndefu na huwa ngumu kadiri inavyogongwa. Vifaa vya vyombo vya baharini vinaweza kuwa na bati kama asilimia moja ili kuvisaidia kustahimili maji ya chumvi. Ukiyatazama maranda ya mwanzo utajua umeshika aina gani, na ndivyo utakavyojua usubiri matatizo gani.

Biti inanasa na kipande kinazunguka

Hii ndiyo dalili inayovunja vidole, na kwa hivyo nitakaa juu yake zaidi kuliko nyingine. Biti inayonasa huwa na tabia ya skrubu ndani ya ubao: badala ya kukata kiasi unachoipa, inajipandisha kwa mifereji yake na kujivuta ndani. Biti za kawaida zilizoandikwa HSS (yaani za chuma kigumu cha kukatia kwa kasi) zimetengenezwa kwa ajili ya chuma. Mifereji yake imepinda kwa takriban nyuzi 30, na mpindo huo huyafanya makali yachimbe kuelekea mbele kwa ukali. Katika chuma ukali huo unahitajika, kwa sababu chuma kinapinga. Shaba ya manjano haina upinzani wa kutosha kuyazuia makali hayo, na kwa hivyo yanachukua zaidi ya yalivyopewa.

Tiba yake ni ndogo na haina gharama: kuuondoa ukali huo wa mbele. Chukua kinoo kidogo laini, kile cha kunolea visu vidogo au wembe, ishike biti ikiwa imesimama, ukilaze kinoo ndani ya mfereji dhidi ya ukingo unaokata, sambamba na urefu wa biti wala si sambamba na mpindo wa mfereji, kisha usugue mara chache. Ukiigeuza biti kwenye mwanga utaona mstari mwembamba unaong'aa ukingoni, wenye upana kama wa theluthi hadi nusu ya milimita. Ufanye mstari huo uwe sawa katika kingo zote mbili, na usiiguse sehemu ya nyuma ya makali, kwa maana ukiigusa hiyo utakuwa umeifanya biti iwe butu. Makali yakishakuwa wima hivyo, hukwangua badala ya kuchimba, na tofauti yake huhisiwa tangu tundu la kwanza: mkono wa mashine unateremka kwa kadiri ya mkono wako, wala hauteremki peke yake. Biti zilizotengenezwa hivyo ziwekwe mbali na nyingine na zipakwe rangi kwenye mashina yake, kwani kwenye chuma hazitakupendeza. Zipo pia biti maalumu za shaba zenye mifereji iliyonyooka zaidi, ya nyuzi 12 hadi 15 hivi, lakini sioni haja ya mtu wa nyumbani kuzitafuta ikiwa anacho kinoo.

Mahali pa kwanza pa hatari ni tundu linapotokea chini. Kwa kina chote, ncha ya biti ilikuwa ikizuiwa na shaba iliyo mbele yake. Ncha ikishatokea, kizuizi hicho kinaondoka, na kilichobaki ni ukingo mwembamba ambao makali yanaupanda. Mtu mwenye drili ya mkono huwa ameuegemeza uzito wa mwili, na mtu mwenye mashine ya mezani iliyochakaa huwa na mhimili wenye nafasi ya kucheza juu na chini, na nafasi hiyo yote humezwa na biti kwa mara moja. Punguza msukumo kabla ya kutokea, si baada ya kusikia mlio umebadilika. Weka chini ya kipande ubao mgumu, kipande cha mvule au mninga kilichobaki, na uvibane vyote viwili pamoja, ili ncha ikitoka shabani iingie katika ubao na isiingie katika hewa.

Mahali pa pili, ambapo watu hawapafikirii, ni kupanua tundu lililokwishakuwapo. Bawaba ya kasha ina tundu la milimita 4 na skrubu mpya inataka 5. Inaonekana kuwa kazi ya dakika moja. Lakini biti inayopanua tundu haina kitu cha kuishikilia ncha yake, na inakata kwa sehemu ya nje tu ya makali, ambayo ndiyo yenye mpindo mkali kuliko sehemu zote. Ndiyo maana desturi nzuri ya kutanguliza tundu dogo kwenye chuma huwa desturi mbaya kwenye shaba ya manjano ikiwa tundu hilo la mwanzo ni kubwa. Ukitoboa upya, toboa kwa kipimo kamili tangu mwanzo juu ya alama ya panchi, yaani chuma chenye ncha kinachogongwa kwa nyundo ili kuweka kidoto cha kuiongoza biti. Ukilazimika kupanua, tumia biti iliyosawazishwa makali kama ilivyoelezwa, au biti ya ngazi (ile inayopanuka hatua kwa hatua kutoka ncha), au, kwa tofauti ya nusu milimita, tupa ya mviringo kwa mkono. Kwa bawaba ya kale yenye thamani, mimi huchagua tupa bila ya kufikiri mara mbili.

Kuhusu kushika, hakuna kipande cha shaba kinachotosha kushikwa kwa mkono, hata kiwe kidogo kiasi gani. Hasa kikiwa kidogo. Kibane kwenye jiliwa, na jiliwa lenyewe lifungwe mezani kwa bolti. Kipande kirefu kisichoingia kwenye jiliwa kilazwe juu ya meza ya mashine huku upande wake wa kushoto ukiegemea nguzo, kwa sababu biti ikitazamwa kutoka juu huzunguka kufuata mshale wa saa, na kipande kikinaswa kitaelekea huko huko na kuzuiwa na nguzo badala ya kuzuiwa na mbavu zako. Glavu zisivaliwe mbele ya biti inayozunguka. Glavu haiizuii biti. Biti ndiyo inayoishika glavu, na ndani ya glavu mna mkono. Hukumu hiyo inahusu pia mikono mipana ya kanzu, ncha za mtandio, kilemba kilicholegea na nywele zisizofungwa.

Ikiwa kipande kimekwishanaswa na kinazunguka, usikidake. Zima mashine, urudi nyuma na usubiri kisimame. Swichi iwe mahali ambapo mkono wa kushoto unaifikia bila ya kupita mbele ya biti, na mpangilio huo ufanywe kabla ya kazi kuanza.

Tundu la sinia limekuwa na pembe tatu

Bamba likiwa jembamba, tundu linaweza kutoka na umbo la pembe tatu zilizoviringika, na ukingo wake ukawa umenyanyuka na kuchanika. Sababu yake ni kwamba ncha ya biti imetokea chini kabla ya kingo za nje hazijaanza kukata; biti ikabaki bila ya kituo na ikawa inayumba ndani ya tundu lake yenyewe. Kwa biti ya milimita 8 yenye ncha ya kawaida ya nyuzi 118, urefu wa ncha peke yake unazidi milimita 2, ilhali sinia lina unene wa milimita moja au chini yake. Kuongeza kasi hakusaidii, na kuongeza nguvu kutalikunja sinia.

Lilaze bamba kati ya vipande viwili vya plaiwudi, uvibane kwa klempu pembe zote, na utoboe kupitia tabaka zote tatu. Ubao wa juu huishika biti isiyumbe, na ule wa chini huuzuia ukingo usinyanyuke. Sinia lenye mbinuko au nakshi za kugonga halitakaa sawa juu ya ubao, na hapo inafaa kuchonga ubao wa chini ufuate umbo lake, au kutumia biti ya ngazi, ambayo kwa mabamba membamba naiona bora kuliko biti nyingine zote. Wanaotoboa matundu mengi madogo kwa ajili ya taa za kuning'inia wasishawishike kuondoa klempu kwa kuwa tundu ni la milimita 2 tu. Bamba jembamba linalozunguka lina makali pande zote.

Biti inatembea na kuacha mikwaruzo

Hapa sababu ni nyepesi: hakuna alama ya panchi, au alama ni ndogo kuliko ncha ya biti, au biti ni ndefu na nyembamba mno kiasi cha kupinda. Gonga alama kwa panchi kali na kwa pigo moja, ukiwa umeliweka bamba juu ya kitu kigumu ili lisibonyee. Misumari mikubwa ya milango, ile yenye kichwa cha kuba, ina ugumu wake wa pekee, kwani kuba halikai kwenye jiliwa na panchi huteleza juu yake. Chonga shimo la mviringo katika gogo la mbao ngumu, kichwa kikae ndani kifudifudi, utoboe kutoka upande wa ndani ambako pana bonde na biti haina pa kukimbilia.

Biti inapiga mlio, inapata moto, na hakuna maranda

Tazama kwanza kama drili haijawekwa kinyume. Nasema hivyo bila ya dhihaka. Drili za mkono zina swichi ya kugeuza mzunguko karibu kabisa na kidole, na biti inayozunguka kinyume hutoa mlio na moshi wa kutosha kumfanya mtu aende dukani kununua biti mpya.

Ikiwa mzunguko ni sawa, basi makali ni butu. Biti iliyotumika kutobolea ukuta au chuma huwa na kingo zilizoviringika ambazo macho hayazioni vizuri, lakini ukizigeuza kwenye mwanga zinaonesha nukta nyeupe ukingoni. Makali makali hayarudishi mwanga. Mstari unaong'aa wa kinoo uliotajwa hapo juu ni mwingine, kwani huo uko mbele ya ukingo na ni bapa. Biti butu kwenye shaba ya sinia ina madhara zaidi ya kuchelewesha kazi: inasugua, na kwa kusugua inaifanya shaba iwe ngumu pale pale chini ya ncha, hata biti mpya inayofuata nayo ikataabika. Ikifika hapo, badilisha biti, punguza kasi, na uanze kwa msukumo wa kutosha ili makali yaingie chini ya ngozi hiyo ngumu.

Kasi hukokotolewa hivi: chukua mwendo wa makali kwa mita kwa dakika, uzidishe kwa 1,000, ugawe kwa kipenyo cha biti kwa milimita kilichozidishwa kwa 3.14. Kwa chuma laini mwendo huchukuliwa kuwa mita 25 hadi 30, na kwa shaba ya manjano 60 au zaidi. Kwa biti ya milimita 10, hesabu ya 60 inatoa mizunguko takriban 1,900 kwa dakika. Hesabu hiyo lakini ni ya mashine nzito iliyofungwa chini. Kwa mashine ya mezani inayotikisika, mizunguko 1,000 inatosha, na kwa biti za milimita 3 na chini yake mashine ndogo haiwezi kuipita kasi ya hesabu hiyo hata ikiendeshwa kwa kasi yake yote.

Mafuta si ya lazima. Shaba yenye risasi hutobolewa kavu na hutoka safi. Shaba ya sinia, yenye kutoa nyuzi, hupenda tone la mafuta mepesi kama ya cherehani. Katika tundu lenye kina kinachozidi mara tatu ya kipenyo, itoe biti mara kwa mara ili mifereji ijisafishe. Biti za milimita 1 na 2 huvunjika kwa maranda yaliyoshindiliwa kuliko kwa sababu nyingine yoyote.

Mashine inadhoofika au inazimika katikati ya tundu

Umeme wetu ni wa volti 230, lakini nyumba iliyo mwisho wa laini, wakati ambapo kila mtu amewasha, inaweza kupata pungufu ya hapo. Dalili yake ni mota inayovuma kwa sauti nzito na kupata joto huku biti ikipungua kasi. Fundi hujibu kwa kukandamiza zaidi, na kukandamiza huko ndiko kunakoifanya biti inase inapotokea upande wa pili. Waya mrefu mwembamba wa kuunganishia, uliozungushwa ukabaki kwenye kibiringi chake, huleta dalili hiyo hiyo na joto juu yake, ukunjue wote. Ikiwa tatizo ni la laini yenyewe, iahirishe kazi hadi asubuhi.

Umeme ukikatika biti ikiwa ndani ya shaba, jambo la kwanza ni kuzima swichi ya mashine, hata kabla ya kuinua biti. Drili nyingi za nyumbani zenye kitufe cha kufungia mwendo zitaanza zenyewe umeme utakaporudi, wakati ambapo mkono wako huenda upo kwenye chaki (sehemu ya mashine inayoibana biti) ukijaribu kuitoa biti iliyokwama. Chomoa plagi, uzungushe chaki kwa mkono kinyume, na biti itatoka.

Maranda yanachoma, yanaruka, hayaonekani

Maranda ya shaba yenye risasi ni sindano fupi zinazoruka mbali zaidi ya mtu anavyodhani, na huingia chini ya miwani ya kawaida ya kusomea. Inatakiwa miwani ya kinga iliyozibwa pembeni. Chembe ikiingia jichoni, usisugue. Osha kwa maji safi mengi yanayotiririka, na ikiwa inaendelea kuchoma au imejichoma, nenda hospitali yenye kitengo cha macho bila ya kumwachia jirani aitoe kwa ncha ya kitambaa. Sumaku inayotumika kutoa chembe za chuma haina msaada wowote hapa.

Makubadhi na kandambili havifai mahali pa kazi hii. Sindano za shaba hukaa katika mkeka na katika nyufa za sakafu, na siku ya pili humchoma mtoto aliyekuja kutambaa. Zifagie kwa brashi, usizipulize kwa mdomo wala kuzipangusa kwa kiganja, kisha pangusa sakafu kwa kitambaa kibichi. Kitambaa kibichi kina sababu nyingine: risasi iliyomo katika shaba haitoi moshi kwa kutoboa, kwa kuwa joto la kutoboa halikaribii kabisa lile la kuyeyusha shaba ya manjano, ambalo ni karibu sentigredi 900, lakini unga wake ukiingia mdomoni kwa njia ya vidole humezwa, na watoto ndio wanaodhurika zaidi. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa kikombe cha chai. Kuyeyusha au kuchomelea shaba hiyo ni jambo jingine, kwani zinki huchemka kwenye sentigredi 907 na moshi wake mweupe huleta homa. Kazi hiyo isifanywe chumbani.

Ufa umezuka kando ya tundu

Kifaa cha kale kinapopasuka wakati wa kutobolewa, mara nyingi biti haina hatia. Shaba ya manjano iliyofinyangwa au kufuliwa hubaki na mkazo ndani yake, na ikikutana na amonia pamoja na unyevunyevu hupasuka yenyewe. Jeshi la Uingereza nchini India lilisumbuliwa na maganda ya risasi za bunduki yaliyopasuka katika msimu wa mvua, na mwaka 1921 ikaelezwa kwamba sababu ni amonia, iliyotokana na mikojo ya farasi, ikikutana na mkazo huo. Kwetu amonia hutoka katika banda la mbuzi lililo karibu na stoo, au katika baadhi ya dawa za kusafishia vioo. Kabla ya kutoboa kitu cha namna hiyo, kisafishe na ukitazame kwa kioo cha kukuzia. Nyufa nyembamba zinazofuata mahali palipokunjwa ni onyo kwamba kitu hicho hakitakubali tundu jipya karibu na hapo.

Dalili ya pili ni wekundu. Shaba ya manjano iliyokaa katika maji ya bahari au katika hewa yake ya chumvi kwa miaka hupoteza zinki, na kinachobaki ni shaba nyekundu yenye vitundu vidogo visivyoonekana, isiyo na nguvu. Hata hivyo si kila wekundu ni maradhi. Nyumba nyingi husafisha masinia kwa ndimu na chumvi au kwa ukwaju, na sinia lililoachwa muda mrefu katika tindikali hiyo hutoka na uso wa waridi. Piga tupa mara mbili mahali pa siri: chini pakiwa na manjano inayong'aa, wekundu ni wa juu tu na kazi iendelee. Ikiwa wekundu unaendelea chini na tupa inatoa unga badala ya maranda, kifaa kimekwisha. Kama ni cha mashua, kisirudishwe chomboni hata tundu likitoka zuri.

Tundu limezidi kipimo, au mdomo wake una mawimbi

Tundu la biti ya milimita 5 linalopokea skrubu ya 5.5 kwa ulegevu linatokana na biti ambayo kingo zake mbili hazina urefu sawa, au biti iliyopinda, au chaki isiyoshika katikati. Izungushe biti juu ya kioo bapa uione kama imepinda. Chaki katika hewa yetu hushika kutu ndani ya meno yake, na kutu upande mmoja inatosha kuitoa biti nje ya kituo; isafishe kwa brashi na mafuta mepesi, na uikaze kwa ufunguo katika matundu yake yote matatu.

Mdomo wa tundu, unapopanuliwa ili kichwa cha skrubu kizame, hupata mawimbi kama kifaa cha kuupanulia kinazunguka kwa kasi. Punguza kasi hadi ile ya chini kabisa ya mashine, ukandamize kwa uthabiti bila ya kusitasita, na mawimbi yakiwa yamekwishatokea, maliza kwa kukizungusha kifaa hicho kwa mkono ndani ya mpini. Kama skrubu zenyewe ni za shaba na zinaingia katika mvule au msaji, tanguliza skrubu ya chuma ya kipimo hicho hicho ikakate njia, uitoe, kisha utie ile ya shaba iliyopakwa sabuni kidogo. Shingo yake ni laini, na ikikatikia ndani ya ubao itabidi itobolewe kwa biti nyembamba, kavu, na iliyosawazishwa makali.